Naenda kula Istanbul, na Februari nakimbia Moshi: nifanyeje?

Mshauri, habari za kazi.

Nina miaka 36, mama wa watoto wawili, naishi Mbezi Beach, Dar es Salaam. Uzito wangu kilo 68. Nimejiandikisha nusu marathoni ya Kilimanjaro mwishoni mwa Februari. Kwa sasa nakimbia siku nne kwa wiki, jumla kama kilomita 38, na mbio ndefu ya Jumapili imefika kilomita 14. Jimu naenda mara mbili, skwati napiga kilo 50, seti nne za mara nane nane.

Mume wangu amekata tiketi za Istanbul, Desemba 28 hadi Januari 8. Ni safari yetu ya kwanza bila watoto na ameshasema hataki kusikia habari za mazoezi, tunaenda kutembea na kula basi. Kula napenda, sitadanganya. Kocha wa kikundi chetu anasema siku 11 bila mpango ni kurudi sifuri, kwa hiyo niamke kila siku huko nikimbie kilomita 8 kabla ya chai. Rafiki yangu wa jimu anasema nile tu, nikirudi nifanye ditoksi ya juisi wiki nzima ndipo nianze.

Nimsikilize nani? Nitaongezeka kilo ngapi? Na nikirudi, nifidie vipi kilomita nilizokosa?

Mkimbiaji wa Mbezi

*

Dada, kocha amezidisha, rafiki amekosea, na mume yuko karibu na ukweli kuliko wote wawili. Ila kuna mambo mawili yatakayopungua kweli ukiwa huko, na hakuna aliyekutajia hata moja.

Nguvu za misuli hazipotei kwa siku 11. Mtu aliyezoea kunyanyua chuma hukaa wiki tatu hivi bila kushika kitu, akirudi anakuta kilo zake karibu zote zipo. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni hushuka kidogo katika siku 10 hadi 14 za kwanza. Kinachotangulia kushuka ni majimaji ya damu. Ukikimbia mara kwa mara, mwili huongeza maji kwenye damu ili moyo usukume damu nyingi kwa kila pigo. Ukiacha, ndani ya siku chache tu maji hayo yanaanza kupungua, na moyo unalazimika kupiga haraka zaidi kwa mwendo uleule. La pili ni mazoea ya joto. Wewe umezoea kukimbia kwenye unyevu wa Dar. Istanbul mwezi huo ni kama nyuzi 4 hadi 9, na mvua juu. Baada ya wiki moja na nusu kwenye baridi, sehemu nzuri ya mazoea hayo itakuwa imetoka, halafu unashuka ndege Januari, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30.

Ndiyo maana mbio ya kwanza baada ya likizo huwa mateso. Mtu anahema kilomita ya pili, anailaumu baklava, ile keki tamu ya Kituruki ya karanga na shira, anaanza kujinyima. Baklava haihusiki. Maji ya damu na mazoea ya joto hurudi ndani ya wiki moja hadi mbili ukianza taratibu.

Kukimbia kila asubuhi Istanbul huhitaji. Majaribio ya miaka ya 1980 yalilipima jambo hili vizuri: watu waliokuwa wakifanya mazoezi dakika 40 siku sita kwa wiki walipunguziwa, wengine hadi siku mbili, wengine hadi dakika 13 tu kwa siku, lakini ukali ukabaki palepale. Uwezo wao wa kutumia oksijeni haukushuka kwa wiki 15. Waliopunguziwa ukali, hata wakiendelea na siku zote sita, walishuka. Kwa hiyo kilomita 8 za kujikokota kila siku zitakuharibia likizo na ndoa, na faida yake ni ndogo kuliko mara mbili fupi zenye kasi.

Panga vipindi vitatu kwa siku zote 11. Viwili viwe hivi: dakika 12 taratibu, kisha dakika moja kasi na dakika moja polepole, mara sita, halafu dakika 8 za kupoa. Kasi maana yake ile ambayo huwezi kusema sentensi nzima. Dakika 12 za mwanzo usizikate, kwa sababu kwenye baridi misuli ya shavu la mguu inachelewa kulegea, na kasi juu ya misuli migumu ndiyo inayochana. Kipindi cha tatu ni kilomita 7 au 8 za mwendo wa kawaida, wakati wowote utakapopata nafasi. Hapo mume hana hoja, kwa sababu hata saa mbili kamili hazifiki kwa likizo nzima.

Sasa saa ya kukimbia. Uturuki inatumia saa ileile ya kwetu mwaka mzima, hivyo usingizi wako hautavurugika. Lakini kwa sababu hiyohiyo, jua la mwishoni mwa Desemba Istanbul linachomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi. Wewe uliyezoea saa kumi na moja alfajiri utatoka hotelini usiku wa manane kwa macho, kwenye mawe yaliyoloa. Usijaribu. Toka saa mbili na nusu, rudi saa tatu, mpate kifungua kinywa pamoja. Mikahawa mingi ya huko asubuhi haina haraka.

Mahali pa kukimbia pawe tambarare. Mkikaa Sultanahmet, kuna njia ya pembeni mwa bahari ya Marmara chini ya kuta za mji wa kale. Bustani ya Gülhane, kando ya kasri la Topkapı, inafaa kwa vipindi vya dakika moja moja ingawa ina mteremko. Kwa ile ndefu, pandeni kivuko kutoka Eminönü kwenda Kadıköy, safari ya kama dakika 20, halafu tafuta njia ya ufukweni inayoelekea Caddebostan na Bostancı: imenyooka, haina magari, na wenyeji wenyewe ndipo wanapokimbilia. Usikimbie mitaa ya Beyoğlu wala Balat. Kule ni mawe, ngazi, paka na mitelemko.

Suala la kutembea lisikupite. Mtalii Istanbul humaliza hatua 20,000 kwa siku bila kujua, na hapo ndipo wakimbiaji wanapoumia wakiwa likizo, si kwenye mbio. Kushuka kutoka mnara wa Galata hadi Karaköy kunavunja mapaja na ugoko kuliko kupanda, kwa sababu msuli unafanya kazi huku unavutwa. Na kusimama kwa muda wa saa tatu juu ya marumaru ya jumba la makumbusho kunachosha unyayo kuliko kilomita 6 za mwendo. Hivyo changanya siku. Siku ya vilima, Galata na Balat, ifuatiwe na siku ya kivuko. Büyükada ni chaguo zuri: kisiwa hakina msongamano wa magari, kutoka mjini ni safari ya saa moja hadi moja na nusu kwa boti, na kupanda hadi kanisa la Aya Yorgi juu ya kilima ni zoezi la kutosha siku hiyo, usiongeze lingine. Ili usitembee bure: Topkapı hufungwa Jumanne, kasri la Dolmabahçe Jumatatu, na Soko Kuu, Kapalıçarşı, Jumapili. Watu wengi wanapanda mlima hadi mlangoni ndipo wanasoma kibao.

Viatu beba jozi mbili zilizokwisha kuzoeleka. Zile raba za mazoezi zitaloa siku ya kwanza na kwa baridi hiyo hazikauki usiku mmoja. Zijaze karatasi, usiziweke juu ya kifaa cha joto cha chumbani, gundi ya soli inaachia. Usinunue buti mpya huko ukazitembelea siku hiyohiyo. Kabla ya kutoka paka vaselini kwenye kisigino na vidole. Na kila jioni, ngazi ya hoteli ikitosha, simama kwa ncha ya mguu mmoja, panda na kushuka polepole mara 15, seti tatu kila mguu. Hiyo ndiyo kazi pekee ya nguvu ninayokuomba ufanye ukiwa huko, kwa sababu kano ya kisigino ikipoa siku 11 halafu ikapewa kilomita 38 kwa mkupuo, inalalamika kwa mwezi mzima.

Tuje kwenye kula. Hesabu yenyewe: kilo moja ya mafuta mwilini ni kama kalori 7,700. Ili uongeze kilo moja kwa siku 11, lazima uzidishe kalori 700 kila siku juu ya unachotumia. Kwa uzito wako, kila kilomita ya kutembea inachoma takriban kalori 50, kwa hiyo kilomita 10 za ziada zinakurudishia 500. Ukila kwa kufurahi bila kujibana utaongeza kati ya nusu kilo na kilo moja ya mafuta. Mzani lakini utakuambia tatu, na hapo wengi wanachanganyikiwa. Wanga unapohifadhiwa kwenye misuli kila gramu inashika gramu tatu hivi za maji, chumvi ya zeituni na jibini inashika mengine, na miguu inavimba kwenye ndege. Usipande mzani hadi siku ya saba baada ya kurudi.

Kifungua kinywa cha Kituruki kinachotandazwa mezani, jibini za aina aina, zeituni, mayai, nyanya, asali na kaymak (malai mazito), kinatosha watu wawili wakiagiza cha mtu mmoja. Agizeni kimoja na menemen, mayai ya kukoroga na nyanya, pembeni. Mkila hivyo saa nne, chakula cha mchana kitakuwa simit tu, mkate wa duara wenye ufuta, yenye kama kalori 300, mkiwa mnatembea. Kaymak ni mafuta zaidi ya nusu, lakini asubuhi mbili tatu haziui mtu. Ipake na asali juu ya mkate wa moto, ukiacha kuila umekwenda bure. Baklava kipande kimoja ni kalori 200 na zaidi kidogo, na sahani huja na vinne, basi gawaneni. Künefe, kitamu cha jibini na shira, iliwe moto papo hapo, ikipoa jibini inakuwa mpira. İskender, nyama iliyokatwa vipande vyembamba juu ya mkate, ina siagi iliyoyeyushwa inayomwagwa mezani mbele yako: unaweza kumwambia mhudumu apunguze, hatashangaa.

Kinachoongeza uzito bila mtu kujua ni chai. Kila mwenye duka atakukaribisha kikombe kile kidogo chenye kiuno, na vipande viwili vya sukari kwenye kisahani. Vikombe kumi kwa siku ni gramu 50 hadi 60 za sukari, kila siku. Kunywa bila sukari. Ayran kinywe bila hofu: ni maziwa ya mgando, maji na chumvi, kinywaji kizuri mno baada ya kukimbia. Na kwa kuwa mnaenda majira ya baridi, tafuteni boza, nafaka iliyochachushwa kidogo, nzito, na mdalasini juu. Anayejua togwa atajisikia nyumbani. Jioni ya uchovu, supu ya dengu, mercimek, na ndimu na mkate, ni mlo kamili.

Kome wa kujazwa wali wanaouzwa barabarani, midye dolma, mimi ningewaacha, hasa wakiwa wamekaa kwenye sinia bila barafu. Samaki wa kuchomwa ndani ya mkate pale Eminönü hana shida kwa sababu anatoka motoni. Maji nunua ya chupa, kama wenyeji wengi wanavyofanya. Tumbo likiharibika: lita moja ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta juu, unywe kidogo kidogo. Ukiwa na homa usikimbie hata mita mia, na baada ya tumbo kutulia subiri saa 48. Na homa ikikupata Istanbul, mwambie daktari umetoka Dar es Salaam, akupime malaria. Asipoambiwa hatawazia, na dalili zinaweza kuanza wiki moja au mbili baada ya kuumwa na mbu wa nyumbani.

Sasa kurudi, ambako ndiko hasa kunakoumiza watu. Neno "kufidia" lifute. Kilomita ulizokosa hazidaiwi na mtu. Ukirudi na wiki ya kilomita 50 kulipia mbili zilizopita, mapafu yatakubali, kano na mfupa wa ugoko zitakataa.

Siku ya kutua, tembea nusu saa jioni ulale. Wiki ya kwanza kimbia mara tatu: 5, 6 na 8, jumla 19, yaani nusu ya ulichokuwa unafanya. Zote taratibu, na saa ya mkononi iache nyumbani. Utachelewa kwa sekunde 20 hadi 30 kila kilomita na moyo utakuwa juu kwa mapigo 5 hadi 10. Ukilazimisha mwendo wa Desemba unakimbia mashindano kila asubuhi. Mbio moja kati ya hizo ifanye jioni, saa kumi na moja hivi, jua likiwa limepungua ila joto bado lipo, ndiyo namna ya kuurudisha mwili kwenye joto, beba maji. Wiki ya pili mara nne: 6, 6, 6 na 10, na katika moja weka kasi fupi za sekunde 20 mara sita. Wiki ya tatu ifike 36, ndefu 14. Ya nne 40, ndefu 16. Ya tano ndefu 18, na hapo uwe umeanza vilima, kwa sababu njia ya nusu marathoni Moshi inapanda muda mrefu kuelekea Mweka na Mbezi Beach haikufundishi kupanda. Nenda maeneo ya Chuo Kikuu Mlimani mara moja kwa wiki. Ya sita rudi 28 na ndefu isizidi 12, baada ya hapo ni kupumzika kuelekea mashindano. Kama unavyoona, muda unatosha.

Jimu anza siku ya tatu au ya nne. Skwati kilo 35, seti mbili, mara nane, uondoke ukiona ungeweza kuendelea. Hutaamini ni kidogo, lakini kesho kutwa yake utaamini: maumivu ya misuli iliyopumzika hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Mara ya pili kilo 40 seti tatu, wiki ya tatu rudi kwenye 50. Mtu anayerudi kwa seti zote nne na hasira ya likizo anaweza kuvunja misuli kweli. Mkojo ukiwa wa rangi ya kola na mapaja yamevimba, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo.

Ditoksi ya juisi mwachie rafiki. Kazi ya kusafisha inafanywa na ini na figo, nazo hazikuwa likizo. Ubaya wake kwako ni zaidi ya kupoteza hela ya matunda: unaikata protini na chakula katika wiki ileile unayouambia mwili uanze kazi, miguu inakuwa mizito, na unadhani ni Istanbul. Rudi kwenye ugali, maharage, mboga, samaki, matunda, kwa vipimo vyako vya kawaida. Ukitaka kile kilo kimoja kiondoke mapema, punguza kama kalori 300 kwa siku, mfano andazi na soda, usiku upunguze wali kijiko kimoja, usiguse chakula cha kabla na baada ya mbio ndefu.

Kocha mpelekee namba hizi kabla hujasafiri, akuone una mpango. Akishikilia kilomita 8 za kila siku, mwulize ukali wake ni upi, maana hilo ndilo swali.

Na katika zile wiki tatu za kurudi, kila asubuhi kabla ya viatu bonyeza mfupa wa ugoko kwa kidole gumba kutoka goti hadi kifundo. Uchungu ulioenea kwenye msuli pembeni mwa mfupa unaruhusu mbio fupi. Uchungu wa sehemu moja ndogo juu ya mfupa wenyewe, unaozidi ukiruka kwa mguu huo mmoja, hauruhusu: pumzika siku tatu, ukibaki palepale nenda kwa daktari wa mifupa, na umweleze umetoka kutembea wapi na kilomita ngapi.